Bahasha Isiyofunguliwa na Meza ya Maktaba



Mwaka jana tulimzika mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye wengi wenu mlimjua, na ambaye kwa kuwastahi watoto wake hatutamtaja jina hapa. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana, na siku ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Baada ya arobaini, binti zake walipokuwa wakipanga vitu vyake, walikuta kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza, bahasha mbili kubwa za serikali. Moja ilikuwa imetangulia nyingine kwa miaka miwili. Hakuna iliyokuwa imefunguliwa.

Marehemu hakusoma Kiingereza. Barua za kodi ya nyumba alizitambua kwa rangi yake, za shule kwa nembo yake, lakini hizi hazikufanana na yoyote aliyoizoea. Basi aliziweka mahali salama, akingoja mtu wa kumsomea.

Hatusemi kwamba bahasha zile zingemponya. Hilo hakuna binadamu ajuaye. Tunasema tu kwamba ndani ya kila moja mlikuwa na kipimo cha maradhi yale yale yaliyomwondoa, kimepelekwa mlangoni kwake bila malipo. Binti zake ndio waliotuomba tuandike haya.

Yafaa tueleze kwanza bahasha hii ni kitu gani. Mpango wa taifa wa kuchunguza saratani ya utumbo mpana ulianza hapa Australia mwaka 2006. Mtu mwenye kadi ya Medicare, aliye na umri kati ya miaka 50 na 74, hupelekewa kipimo nyumbani kwa posta kila baada ya miaka 2. Tangu tarehe 1 Julai 2024, wenye miaka 45 hadi 49 nao waweza kukipata, ila hawa sharti waombe wenyewe kipimo cha kwanza. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinundu kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kisichouma wala kuwasha, nacho huchukua miaka mingi kukua. Katika kukua kwake huweza kuvuja damu, tena kidogo mno kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kipimo hutafuta damu hiyo. Ikigunduliwa mapema, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 hutibiwa wakapona. Ikichelewa hesabu hugeuka, nasi tumeiona ilivyogeuka.

Pamoja na hayo, katika nchi nzima ni watu kama 4 tu kati ya kila 10 wanaorudisha kipimo. Miongoni mwa wale ambao nyumbani hawasemi Kiingereza, idadi ni ndogo zaidi. Hao ndio sisi. Katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya wakazi wa halmashauri yetu ya Cumberland walikuwa wamezaliwa nje ya Australia. Kwa hiyo yaelekea kwamba katika mitaa hii ya Merrylands, Guildford na Granville bahasha zilizolala kwenye droo si chache.

Ndani ya bahasha kuna vijiti viwili na vichupa vyake, karatasi ya kutandaza chooni ili kinyesi kisiguse maji, kifuko cha kufungia, fomu ya kujaza, na bahasha ya kurudishia isiyohitaji stempu. Mtu huchukua chembe ndogo ya kinyesi, kiasi cha punje ya mchele, katika haja mbili tofauti. Kisha hufunga vichupa, hujaza fomu na kupeleka posta mapema. Katikati ya hapo, maelezo yanamtaka avihifadhi mahali pa baridi, yaani ndani ya friji, bila kuvigandisha.

Hapo kwenye friji ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Friji ile ile yenye maziwa ya watoto na sukuma wiki! Mzee mmoja alitwambia kwamba yeye ameshindwa na mengi katika nchi hii, lakini hilo amekataa kabisa hata kulijaribu. Tulicheka naye, kisha tukamwonyesha kwamba kichupa hufungwa kikawa hakivuji, nacho hutiwa ndani ya kifuko kinachofungwa tena. Mkewe, ambaye alikuwa kimya muda wote, alisema atatafuta kikopo chenye kifuniko akiweke nyuma kabisa, mbali na chakula. Mambo ya nyumbani humalizwa na wenye nyumba.

Liko na jambo la anwani, nalo ni dogo lakini limewakosesha wengi. Kipimo hupelekwa kwenye anwani ambayo Medicare inayo. Jamaa zetu huhama mara kwa mara, leo Auburn, kesho Merrylands, mwakani Blacktown, kwa sababu ya kodi. Aliyehama bila kuiarifu Medicare, kipimo chake humfikia mpangaji mwingine. Mtu wa namna hiyo aweza kupiga simu 1800 627 701 akaomba kingine, au amwulize daktari wake wa familia, kwani tangu mwaka 2022 madaktari nao wameruhusiwa kumpa mgonjwa kipimo mkononi.

Sasa tuje kwenye maktaba.

Tulipoketi kujiuliza ni wapi mama yule angeweza kusomewa bahasha yake, tulihesabu mahali alipokuwa akifika. Kanisani alifika, lakini bahasha yenye mambo ya choo haipelekwi kanisani. Kwa daktari alifika pia, ila akiwa mgonjwa wa jambo jingine, na dakika zake zilikuwa chache. Watoto wake walikuwa kazini, na wajukuu hawakufaa kusoma mambo ya mwili wa bibi yao. Mahali pamoja alipofika kila juma, bila haraka, palikuwa ni maktaba ya Merrylands, ambako aliwapeleka wajukuu baada ya shule na kukaa akiwangoja. Alikaa pale saa nyingi kwa miaka kadhaa, akiwa amezungukwa na watu ambao kazi yao ni kusaidia watu kupata maana ya maandishi. Hakuwahi kuwauliza neno. Alituambia zamani kwamba alidhani pale ni mahali pa watoto na wasomi.

Wengi wetu tulidhani hivyo. Huko tulikotoka maktaba ilikuwa ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, nayo ilikuwa mjini, na mlango wake ulikuwa na mtu wa kuuliza umekuja kufanya nini. Hapa mambo ni mengine. Sheria ya maktaba ya jimbo hili ni ya tangu mwaka 1939, na kwa sheria hiyo mkazi hatozwi pesa kuwa mwanachama wa maktaba ya halmashauri yake. Hahitaji hata kuwa mwanachama ili aingie na kukaa. Haulizwi viza, haulizwi kadi ya Medicare, wala haandikiwi miadi. Kwa mtu aliyepita kambini, ambako kila mlango ulikuwa na orodha, mlango usio na orodha si jambo dogo.

Wala si jambo geni kwa maktaba za hapa kushirikiana na watu wa afya. Miaka ya nyuma Wizara ya Afya ya New South Wales na Maktaba ya Jimbo walishirikiana kuweka katika maktaba za mitaa vitabu na maelezo juu ya pombe na dawa za kulevya, ili mzazi aweze kusoma bila kujulikana kinachomsumbua nyumbani. Huko Marekani wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2016, kusini mwa mji wa Philadelphia, lilifunguliwa jengo ambalo chini ya paa moja lina maktaba ya umma, kituo cha afya cha mji, na kliniki ya hospitali ya watoto. Mama huenda na mtoto kwa chanjo, na wakati wa kungoja huwa wa vitabu.

Lakini kwa nini twende Philadelphia? Wazee wetu waliotoka Tanzania watakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walijiunga katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake, kitabu chake na redio yake. Walisikiliza kipindi, mmoja akawasomea wenzake kitabu, wakajadiliana: malaria inatoka wapi, kuhara kunaletwa na nini, minyoo huingiaje mwilini. Kisha hawakuishia kwenye maneno. Wakaondoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Tunapenda kuwakumbusha wale wanaoona haya kuzungumza habari za kinyesi kwamba baba zetu na mama zetu walizungumza habari hizo hadharani, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa kijiji akiwapo. Wengi miongoni mwao hawakujua kusoma, nalo halikuwazuia, maana maandishi yalisomwa kwa sauti ya mmoja na masikio ya wote.

Hicho ndicho tunachokitaka: meza moja ya maktaba, alasiri moja kwa mwezi, na mtu anayejua lugha zote mbili. Anayekuja aje na bahasha yake. Isomwe na ifahamike, fomu ijazwe, kisha mwenyewe aende nayo nyumbani.

Tukianza na bahasha ya utumbo hatutaishia hapo, kwani yako mengine yanayowahusu akina mama zaidi. Picha ya matiti hupigwa bila malipo kila baada ya miaka 2. Wanaoalikwa hasa ni wanawake wa miaka 50 hadi 74, ingawa kuanzia miaka 40 mwanamke aweza kuomba mwenyewe. Anayepiga picha ni mwanamke, na shughuli yote huchukua kama dakika 20. Miadi hupatikana kwa simu 13 20 50.

Juu ya mlango wa kizazi tuna jambo la kusema polepole. Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na ambacho chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Kwa hiyo hata mjane aliyekaa peke yake miaka 10 anahitaji kupimwa. Tangu Desemba 2017 kipimo cha zamani kiliachwa, kikaja kipya kinachotafuta kirusi chenyewe, na mwanamke wa miaka 25 hadi 74 hukifanya mara moja katika miaka 5. Wengi wa dada na mama zetu hawakwenda, na sababu ya baadhi yao twaijua sote bila kuambiwa. Waliotoka Kivu na Ituri wakati wa vita wengine walitendewa mambo ambayo baada yake mwanamke hawezi kulala tena juu ya kitanda cha daktari na kufungua miguu mbele ya mtu asiyemjua. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Ila tunataka wajue kwamba tangu tarehe 1 Julai 2022 mwanamke yeyote anayestahili kipimo hiki aweza kujipima mwenyewe. Hupewa kijiti laini chenye pamba, huingia nyuma ya pazia au msalani peke yake, na hakuna chombo kinachoingizwa wala mkono wa mtu unaomgusa. Anachohitaji kumwambia daktari ni kwamba anataka kujipima mwenyewe, basi. Ameishi miaka hapa dada mmoja wa kwetu bila kuijua sentensi hiyo moja. Alipoambiwa, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kweli hakuna atakayemgusa. Alikwenda juma lililofuata.

Watoto nao, wavulana kwa wasichana, hupewa chanjo ya kirusi hicho shuleni, na tangu mwaka 2023 ni sindano moja tu. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019, hivyo si jambo la wageni peke yao. Lakini hapa huhitaji idhini ya mzazi, nayo huja kwa maandishi, nasi twarudi pale pale penye maandishi. Kwa wavutaji sigara wa miaka mingi, walio kati ya miaka 50 na 70, uchunguzi wa mapafu umeanza Julai 2025. Wamwulize daktari kama masharti yanawahusu.

Tusije tukaahidi kisichowezekana. Mkutubi si daktari. Hawezi kukwambia jibu lako lina maana gani, wala haifai umwulize. Anachoweza ni kukupatia maelezo yaliyoandikwa na wanaojua, kukutolea nakala, na kukuonyesha yapi yanatoka hospitalini na yapi yametungwa na mtu anayeuza dawa. Hili la mwisho si dogo. Simu zetu zimejaa ujumbe wa sauti unaosema majani ya mstafeli yanatibu saratani, na wanaousambaza ni watu tunaowaheshimu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, wakalala njiani siku nyingi ili wanywe kikombe kimoja cha dawa ya mchungaji mstaafu. Hatuwacheki waliokwenda, kwani baadhi ni ndugu zetu. Tunastaajabu tu kwamba sisi ambao tungesafiri siku tatu kwa kikombe, bahasha iliyokuja yenyewe mpaka mlangoni hatukuifungua.

Au huenda si ajabu. Mtu wa Kigoma aliyeambiwa ana saratani, kwa miaka mingi alikuwa na njia moja, nayo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa ameuza ng'ombe au shamba, na mara nyingi akiwa amechelewa. Wengi wetu tuliokaa Nyarugusu tuliona waliokwenda, na hatukuona wengi waliorudi. Aliyejifunza neno saratani kwa njia hiyo hulisikia kama hukumu, na hukumu haitafutwi kwa hiari. Hofu hiyo haitaondolewa na karatasi yenye picha za watu wanaotabasamu. Huenda ikapunguzwa na mtu wa lugha yako, aliyepimwa akaondolewa kinundu akapona, akikusimulia mezani namna ilivyokuwa. Watu hao wapo miongoni mwetu. Wawili wamekwisha kukubali kuja.

Jambo la mkalimani tunalirudia kila mwaka, nasi hatutachoka. Mtoto asifanywe mkalimani wa maradhi ya mzazi wake. Simu ya wakalimani ni 131 450, hufanya kazi usiku na mchana, na daktari huitumia bila wewe kulipa. Sema "Swahili, please" na ungoje. Wale wanaosema Kingwana cha Kongo na wakaona mkalimani anatumia Kiswahili cha pwani wasichoke naye. Mwombeni aseme taratibu. Akisema "utumbo mpana" nanyi hamkumwelewa, mwambieni.

Tumeandika barua kwa maktaba kuomba meza hiyo, au chumba kidogo ikiwa nafasi ipo, na tunangoja jibu. Nakala ya barua tutawaonyesha wanaotaka kuiona. Wakati tukingoja, hakuna anayehitaji ruhusa ya mtu kukaa maktabani na rafiki anayesoma Kiingereza, bahasha ikiwa kati yao. Sisi watayarishaji wa kurasa hizi tutakuwa pale Jumamosi ya pili ya mwezi, karibu na vitabu vya watoto, ili wanaokuja na wajukuu wasitawanyike.

Binti mkubwa wa marehemu atakuwapo. Ana miaka 46. Daktari wake alipomwuliza habari za mama yake na umri aliougulia, alimshauri aanze na kipimo hiki cha posta, naye amekiomba na kimefika. Ametwambia hajakifungua. Atakuja nacho, akifungue pale mezani, ili wanaotaka kuona kilichomo ndani waone.